Jarida dogo linatafuta matangazo: kisa cha timu moja, kuanzia barua za mwanzo mpaka walipofika

Kuhusu kisa hiki

Nimekiandika kwa ajili ya wanaoendesha jarida dogo au wanaofikiria kuanzisha, maana swali la matangazo linaulizwa kila siku na majibu mengi yanayotolewa yanafaa gazeti kubwa, hayafai jarida la watu wanne. Majina, nchi na chochote cha kumtambulisha mtu nimeondoa. Nilikuwa nawasaidia upande wa hesabu, kwa hiyo vikao vingi nilikuwemo na barua nyingi zilipita mikononi mwangu.

Hali ilivyokuwa

Jarida linatoka mara 4 kwa mwaka, kurasa 64. Nusu ni hadithi, mashairi na uhakiki wa vitabu, nusu nyingine ni makala ndefu za siasa, uchumi na jamii. Timu ni mhariri mkuu, msaidizi wake, dizaina anayelipwa kwa toleo, na watu wa kujitolea wanaokuja na kuondoka. Nakala zinazochapwa ni 2,000 na kidogo, nyingi zinaenda kwa wasomaji waliolipia mwaka mzima, zinazobaki zinauzwa kwenye maduka ya vitabu na kwenye matamasha.

Hela ilikuwa inatoka sehemu tatu: ada za wasomaji, mauzo ya nakala, na ruzuku ya taasisi moja. Taasisi ikatoa taarifa kwamba ruzuku inaisha na haitaongezwa. Ada kupandisha ghafla haiwezekani, wasomaji wengi ni walimu na wanafunzi, ukiwapandishia wanaondoka kimyakimya. Ndipo macho yakageukia matangazo, ambayo mpaka hapo yalikuwa ukurasa mmoja au miwili kwa toleo, na karibu yote ni ya kujuana, yaani mtu anatoa tangazo kwa sababu alisoma na mhariri au anaona haya kukataa.

Awamu ya kwanza: barua kwa wakubwa

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuandikia makampuni makubwa. Mabenki, makampuni ya simu, ya bima, ya vinywaji. Sababu iliyotolewa kikaoni ilikuwa na mantiki yake: hao ndio wana bajeti, ukimpata mmoja tu anayenunua jalada la nyuma mwaka mzima umemaliza nusu ya shida. Barua ikaandikwa moja, kurasa tatu, historia ya jarida, dira, umuhimu wa fasihi kwa taifa, na mwisho kabisa mstari mmoja kuhusu bei.

Majibu yalikuwa machache sana. Lililotufundisha zaidi lilitoka kwa wakala mmoja wa matangazo, aliuliza maswali matatu tu: nakala ngapi zinalipiwa, wanaosoma ni kina nani, na gharama ya kufikia watu elfu moja ni kiasi gani. Mhariri akajibu kwamba kila nakala inasomwa na watu watano kwa hiyo wasomaji ni zaidi ya elfu kumi. Wakala akaomba uthibitisho, haukuwepo, mawasiliano yakaishia hapo.

Swali hili la elfu moja inabidi lieleweke vizuri kwa sababu ndilo linaloua maombi mengi ya majarida madogo. Chukua jarida lenye nakala 2,000 na gazeti lenye nakala 100,000. Hata gazeti likitoza bei mara kumi ya jarida kwa ukurasa, ukigawa kwa kila watu elfu, gazeti bado ni rahisi mara tano. Hakuna ufasaha wa barua unaoweza kushinda hiyo hesabu. Ukikubali kupimwa kwa wingi wa watu umeshashindwa kabla hujaingia mlangoni.

Na hii habari ya kuzidisha wasomaji kwa tano wenye matangazo wanaijua zamani. Mwaka 1914 huko Marekani iliundwa Audit Bureau of Circulations, chombo cha kukagua idadi za nakala, kwa sababu wanunuzi wa matangazo walichoka kupewa namba ambazo kila mchapishaji anajitungia.

Kampuni moja kubwa ilinunua ukurasa mzima, mara moja. Meneja masoko wao alikuwa anapenda mashairi. Alipohamishwa, aliyekuja hakujibu hata imeili.

Dodoso

Msaidizi wa mhariri ndiye aliyegeuza mambo. Alikuja kikaoni na habari ya The New York Review of Books, jarida la Marekani la uhakiki wa vitabu, na nadhani kila mwenye jarida anapaswa kuijua. Desemba 1962 magazeti ya New York yaliingia kwenye mgomo uliodumu siku 114. Wachapishaji wa vitabu wakabaki na vitabu vipya na hakuna pa kuvitangazia. Kikundi kidogo cha watu wa vitabu kikaona hapo nafasi, wakawaambia wachapishaji wanunue matangazo kwenye jarida jipya la uhakiki, waandishi wakaandika bila malipo, na toleo la kwanza likatoka Februari 1963 uchapaji wake umelipwa na hayo matangazo. Hoja ya msaidizi ilikuwa fupi. Wale wachapishaji hawakubembelezwa kuhusu umuhimu wa fasihi, walikuwa na vitabu vya kuuza na jarida lilikuwa na wanunuzi wa vitabu. Sisi wasomaji wetu wananunua nini?

Kumbe hakuna aliyekuwa anajua kwa hakika. Basi toleo lililofuata likawa na ukurasa wa maswali, na watu wa kujitolea wakagawana orodha ya waliolipia mwaka na kuwapigia simu. Maswali ya kawaida tu: unafanya kazi gani, mara ya mwisho kununua kitabu ni lini na ulikinunua wapi, ukimaliza kusoma jarida unalipeleka wapi, kuna kitu umewahi kununua au kuhudhuria kwa sababu ulikiona humu.

Walichokuta: walimu, wahadhiri, wanasheria, waandishi wa habari, watumishi wa mashirika, na wanafunzi wa shahada za juu. Wengi wananunua vitabu mara kwa mara. Wengi hawatupi matoleo ya zamani, yako rafuni. Na wengi walitaja kitu walichofuata baada ya kukisoma jaridani, semina, uzinduzi wa kitabu, maombi ya ufadhili wa masomo.

Nilichopenda ni kwamba hawakupamba. Anayejibu dodoso ni yule anayelipenda jarida tayari, kwa hiyo majibu yanaelemea upande mmoja, na hilo waliliandika wazi kwenye profaili mpya ya jarida, yaani karatasi ya kulitambulisha kwa watangazaji, pamoja na idadi ya waliojibu. Badala ya kudai wasomaji elfu kumi wakaambatisha barua ya mchapaji inayosema nakala ngapi zimechapwa, na risiti za posta za nakala zilizotumwa. Ukaguzi rasmi ni ghali kwa jarida la saizi hii, lakini barua ya mchapaji haina gharama na mteja anaiamini.

Maamuzi yaliyofuata na sababu zake

Kwanza walibadilisha orodha ya wa kuwaendea. Mabenki yakawekwa pembeni. Wakaja wachapishaji wa vitabu, maduka ya vitabu, waandaaji wa matamasha, vyuo vyenye shahada za uzamili, wanaotoa kozi za uandishi, vikundi vya tamthilia, wahariri na wafasiri wa kujitegemea, taasisi zinazotangaza tuzo na ufadhili. Hawa hela zao ni kidogo, lakini hawaulizi gharama ya watu elfu moja, wanauliza kama msomaji wa jarida atakuja.

Pili, wakaikata nafasi vipande vidogo. Mchapishaji mwenye vitabu vitatu kwa mwaka hawezi ukurasa mzima, robo anaweza, moja ya nane anaweza kabisa. Wakaongeza pia ukurasa wa matangazo ya mistari mitatu mitatu, ya hariri muswada wako, natafuta matoleo ya zamani, darasa la ushairi linaanza.

Tatu ni bei, na hapa ndipo nilipopigana nao zaidi. Bei ya zamani ilitokana na kuangalia jarida lingine linatoza kiasi gani na kupunguza kidogo. Sasa ikatokana na gharama. Jarida la kushonwa katikati linaongezeka kwa kurasa nne nne, huwezi kuongeza ukurasa mmoja, kwa hiyo ukiuza kurasa mbili za ziada unalipia nne. Tukapiga hesabu kurasa nne zinagharimu nini, karatasi, uchapaji, dizaina, uzito unaoongezeka posta, na tukasema kurasa nne za matangazo lazima zilete angalau mara tatu ya hiyo, la sivyo heri kuchapa hadithi. Jalada la nyuma na ndani ya jalada la mbele bei yake juu zaidi, na kurasa za kulia juu kidogo kuliko za kushoto.

Bei ikaandikwa, ikawa moja kwa wote. Awali kila mtu alikuwa anapewa punguzo lake kivyake na siku moja wachapishaji wawili walikutana kwenye uzinduzi wakalinganisha invoisi, mmoja alikuwa amelipa karibu mara mbili ya mwenzake kwa nafasi ileile. Yule aliyelipa zaidi hakurudi mpaka leo. Baada ya hapo punguzo likabaki kwa anayenunua matoleo yote manne na kwa anayelipa kabla ya kuchapwa, basi.

Nne, mhariri akaondolewa kwenye mauzo. Akatafutwa dada mmoja aliyewahi kuuza nafasi kwenye gazeti, akapewa posho ndogo ya kila toleo na komisheni ya asilimia 15, kiwango ambacho mawakala wa matangazo wamekizoea miaka mingi, ila analipwa hela ikiingia benki, sio mkataba ukisainiwa. Sababu ya kumtoa mhariri sio uzembe wake. Mhariri anayemwomba mchapishaji tangazo asubuhi na jioni anahariri uhakiki wa kitabu cha mchapishaji huyohuyo atalegeza mkono, hata kama hataki.

Tano, kalenda. Mada za mwaka mzima zikatangazwa mapema ili mchapishaji apange uzinduzi wake uendane na toleo, na tarehe ya mwisho ya kupokea matangazo ikawekwa wiki tatu kabla ya kwenda kwa mchapaji.

Na mwisho masharti ya nini hakiingii. Matangazo ya vyama vya siasa na wagombea hapana, kwa sababu jarida linawachambua. Makala ya kulipiwa iliyovaa sura ya makala ya kawaida hapana. Na kila anayetoa hela, ya tangazo au ya ruzuku, jina lake lionekane ndani ya jarida. Kwenye hili mhariri alikuwa mkali na alitoa mfano wa Transition, jarida lililoanzishwa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogy, moja ya majarida bora kuwahi kutoka Afrika, ambalo lilitikisika ilipofichuka kwamba shirika lililokuwa likilifadhili, Congress for Cultural Freedom, lilikuwa linapokea hela za CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Wasomaji hawakuwa wanajua. Mhariri alisema yeye hata hela iwe safi vipi haitaki kama hawezi kuiandika.

Kazi yenyewe ilivyokwenda

Kuna jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wowote na likawa kazi kubwa kuliko zote: wateja wadogo hawana madizaina. Duka la vitabu linakutumia logo iliyopigwa skrinishoti kwenye simu, ukiiweka kwenye karatasi inatoka ukungu mtupu. Mwingine anatuma tangazo la rangi za skrini, likichapwa bluu yake imekuwa zambarau. Mwingine hajaacha zile milimita tatu za ziada pembeni, kisu cha mchapaji kinakata namba yake ya simu. Matoleo mawili yalipita kwa malumbano ya namna hii, kisha wakaamua jarida litengeneze tangazo lenyewe kwa kila wa robo ukurasa kwenda chini, bei ikiwa humohumo. Dizaina akatengeneza violezo vichache safi, jina, picha, maneno arobaini, basi. Kurasa za matangazo zikaanza kupendeza na kufanana na jarida. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi uliowaletea wateja wengi kuliko barua zote, kwa sababu mwenye duka alikuwa haogopi bei, alikuwa anaogopa usumbufu.

Pigo la kwanza likaja kwenye toleo la tatu. Makala moja ilichelewa, mhariri akasubiri, jarida likatoka wiki mbili nyuma ya tarehe, na ndani yake kulikuwa na tangazo la tamasha ambalo lilikuwa limeshapita. Waandaaji walirudishiwa hela yote na kupewa nafasi ya bure mwaka uliofuata. Kabla ya hapo kuchelewa kulionekana ni tabia ya kawaida ya majarida ya fasihi, msomaji anavumilia. Mwenye tamasha havumilii, na hana sababu ya kuvumilia.

Toleo lenye makala ya vyuo

Chuo kimoja kilikuwa kimechukua ndani ya jalada la mbele kwa mwaka mzima, mteja mkubwa kuliko wote. Kwenye toleo la pili la mwaka huo kulikuwa na makala ndefu kuhusu wahadhiri wa muda wanavyocheleweshewa malipo, na chuo hicho kilikuwa miongoni mwa vilivyotajwa. Mwandishi aliwaandikia kuomba maelezo yao kama kawaida ya kazi, na wao wakampigia dada wa mauzo wakitaka kuiona makala kabla haijachapwa.

Kikao kilikuwa kirefu. Mmoja alipendekeza makala isogezwe toleo linalofuata, isifutwe, isogezwe tu. Mwingine akataja Ms., jarida la Marekani ambalo mwaka 1990 liliamua kutoka bila matangazo kabisa kwa sababu watangazaji walikuwa wanataka makala zifuate bidhaa zao, likawa linaishi kwa ada za wasomaji. Njia hiyo ilijadiliwa kwa uzito, ila jarida la nakala 2,000 lenye wasomaji walimu lingepandisha ada mpaka lifunge.

Uamuzi: makala inatoka tarehe yake, haioneshwi kwa mtu kabla, chuo kinapewa nafasi ya kujibu kwa urefu kwenye toleo linalofuata, na kama hawataki tangazo lao likae kwenye toleo lenye hiyo makala lihamishwe bila gharama. Mhariri aliwaandikia mwenyewe, kwa heshima, bila kurusha maneno.

Chuo kikajitoa kwa matoleo yaliyobaki. Ile nafasi ya ndani ya jalada haikupata mnunuzi mwaka wote uliobaki, wakachapa shairi pale. Hela ile iliuma, dizaina alilipwa kwa kuchelewa.

Matokeo

Baada ya miaka miwili matangazo yalikuwa yanalipia kama theluthi ya gharama ya uchapaji. Ruzuku haikuzibwa yote, pengo lililobaki lilizibwa na wasomaji wanaolipa zaidi ya ada kwa hiari na kwa kupunguza kurasa za rangi. Wateja wadogo wengi wanarudi mwaka hadi mwaka. Hakuna mteja mmoja ambaye akiondoka toleo linashindwa kutoka, na hilo baada ya kisa cha chuo wakaliandika kuwa sharti.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kuacha kuuza wingi na kuanza kuuza msomaji ni nani. Lakini hilo lisingewezekana bila dodoso, na dodoso lisingeaminika kama lingepambwa. Vitu hivi vimeshikana, ukichukua kimoja tu hupati kitu. Nimeona jarida lingine likinakili bei na violezo bila kuwauliza wasomaji wake chochote na likabaki palepale.

Msimamo kwenye makala ya vyuo siwezi kusema ulileta hela, sijaona ushahidi huo. Ninachojua ni kwamba mchapishaji mmoja alinunua jalada la nyuma huku ndani ya toleo hilohilo kitabu chake kimehakikiwa vikali, na hakulalamika, kwa sababu alishaambiwa mapema kwamba vitu hivi viwili havionani. Kuambiana mapema ndiko kulikofanya kazi. Kwa chuo masharti hayo hayakuwa yamesemwa wakati wa kusaini, na naamini mazungumzo yangekuwa tofauti kama yangekuwa yameandikwa kwenye mkataba tangu mwanzo. Sasa yapo, aya moja fupi, mteja anaisaini.

Ukurasa wa mistari mitatu kimahesabu haukulipa, muda wa kukusanya matangazo madogo ishirini ni mwingi kuliko hela yake. Ila wasomaji wanaanza kusoma jarida kutokea pale, wanasema wenyewe, kwa hiyo ulibaki na nadhani walifanya vizuri.

Upande wa mtandaoni mambo yalikuwa mchanganyiko. Mabango ya kubofya kwenye tovuti yalileta senti tu, maana hapo unarudi kwenye mchezo uleule wa wingi. Barua pepe ya kila mwezi kwa wasomaji, yenye mdhamini mmoja tu juu na maneno yake machache, ilikwenda vizuri zaidi, hasa duka la vitabu lilipotumia namba maalumu ya punguzo likaweza kuhesabu oda zilizotoka humo. Walianza hiyo kwa kuchelewa mno, ingekuwa ya kwanza kabla ya yote, haina gharama ya karatasi.

Kilichofeli kabisa ni kumbukumbu. Dada wa mauzo alifanya kazi nzuri sana, na kila kitu kilikuwa kwenye simu yake na kichwani mwake: nani anapigiwa lini, nani analipa kwa kuchelewa, nani hataki kukaa ukurasa unaotazamana na mshindani wake. Alipopata kazi nyingine aliaga vizuri na akaandika alichokumbuka, lakini toleo lililofuata lilikosa karibu nusu ya matangazo ya kawaida kwa sababu tu hakuna aliyewapigia wateja kwa wakati. Wengi walisema walikuwa wanasubiri simu. Madeni mawili ya nyuma hayakulipwa kwa sababu hakuna aliyejua yapo. Sasa kuna jedwali moja linalofunguliwa na watu watatu, lina jina la mteja, mtu wa kuongea naye, tarehe ya simu ya mwisho, alichoahidi, anachodaiwa, na linapitiwa Jumatatu kabla ya kikao cha wahariri, ndani ya chumba kingine.